Makatambuga ya Tufani

Enzi zetu, mtoto hakuhitaji simu ili aonekane mtu wa maana. Ilitosha awe na fulana yenye picha ya shujaa kifuani. Iwe imepauka, iwe inamfika magotini, iwe na tundu kwapani, potelea mbali. Ukiingia nayo uwanjani Rasbura jioni, wenzako walikupisha uanze wewe kwenye rede hata kama kukwepa mpira hujui.

Naongea na wenzangu, nyinyi mliozaliwa wakati sabuni inapangiwa foleni, mkapata akili miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Nyinyi mnanielewa. Hawa wa leo ukiwasimulia kwamba mtaa mzima ulikuwa na televisheni moja, tena ya kulipia kiingilio kwenye banda la video, wanakutazama kwa huruma na kukuuliza, "Sasa mlikuwa mnaangalia nini?" Tulikuwa tunaangaliana, ndilo jibu langu.

Ruksa ilipofika kwetu Lindi haikuja na hotuba, ilikuja na robota za mitumba. Zilifunguliwa sokoni asubuhi, zikinuka ile harufu ya dawa ya nondo, na akina mama wakainama kuchambua kama wanachagua mchele. Sisi watoto tulikuwa chini, katikati ya miguu yao, tukitafuta mashujaa tu. Hatukujua majina yao, wala hatukujua kama ni watu wema au majambazi. Kulikuwa na mmoja aliyevaa chupi juu ya suruali. Bibi yangu mzaa mama aliitazama ile fulana mbele na nyuma, akaniuliza taratibu, "Huyu hana mama?"

Tulijifunga kanga za mama zetu shingoni zikawa mabawa, tukaruka kutoka kwenye matawi ya mikorosho. Kovu hili la kidevuni ni la siku nilipoanguka. Mama alinisafisha damu kwanza, kisha akanichapa kwa sababu ya kanga, na mchana huohuo akanipa sahani ya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya moto na chumvi, nikala huku nalia. Ndivyo tulivyolelewa. Hakuna aliyekuuliza unajisikiaje.

Halafu zikaja biskuti za Tufani.

Zilikuwa ngumu, na ukizila bila maji zilikwama kooni. Lakini ndani ya kila pakiti mlikuwa na picha ndogo ya kubandika, na kwenye picha alikuwepo Tufani mwenyewe: kichwa kikubwa, kidevu kama tofali, joho jekundu. Picha zilikuwa za aina saba. Atakayezikusanya zote atapewa fulana, na atakabidhiwa na Tufani kwa mkono wake siku gari la matangazo litakapofika Lindi. Nilibandika zangu nyuma ya daftari la hesabu. Nilikuwa nazo sita. Ya saba, ile ya Tufani akiwa angani, niliitafuta muhula mzima. Nilibadilishana vitu ambavyo leo naona aibu kuvitaja, ikiwemo penseli ya mdogo wangu, na sikuipata.

Aliyekuwa akininunulia zile pakiti ni Mjomba Kasiani, kaka yake mama. Kwetu sisi Wamakonde, mjomba ni mjomba. Baba ana heshima yake, lakini mambo yako mazito yanapelekwa kwa mjomba. Alikuwa mbeba magunia kwenye ghala la korosho. Jitu la miraba minne, sauti ndogo, halafu anapenda utani. Akirudi kazini aliniita, "Tekla, mpwa wangu, njoo univue viatu," nami nilichuchumaa kufungua makatambuga yake, viatu vile vya matairi, vizito kama jembe. Kamba ya katambuga la kushoto ilikatika mara kwa mara. Mwisho niliifunga mwenyewe kwa uzi wa nailoni wa bluu, mafundo matatu, na Mjomba akasema fundi viatu wa sokoni ajihadhari nami. Nilivimba kichwa wiki nzima kwa maneno yale.

Kabla hawajateremka Lindi yeye na Mama na Bibi, Mjomba alikuwa mchezaji wa lipiko huko kwetu Umakonde, juu uwandani. Pengine wasomaji wengine hamjui. Lipiko ni mchezaji aliyevaa kinyago, mwili umefunikwa wote, haionekani hata ngozi ya kidole. Anatokea wakati watoto wanatoka jandoni na unyagoni, anacheza, anachekesha, anatisha. Na sheria yake ni moja: yule si mtu. Watoto na wanawake hawatakiwi kujua kama mle ndani kuna mtu, achilia mbali ni mtu gani. Kinyago hakivuliwi mbele yao. Akichoka anapelekwa nyuma ya uzio, na huko ndiko anakovuliwa, na wanaume peke yao.

Nilipokuwa na miaka saba tulipanda juu kwenye sherehe, akatokea lipiko, nami nikamtambua kwa namna alivyotupa mguu wa kulia. Alikuwa jirani wa zamani wa Bibi, mzee mmoja aliyeniletea mabibo jana yake tu. Kwa furaha nikamnong'oneza Bibi, "Huyu si Babu wa pale jirani?" Bibi alinibana midomo kwa vidole viwili mpaka nikaonja damu. Akainama sikioni mwangu.

"Ukimtaja aliyemo, umemzika."

Sikuuliza maana yake. Bibi hakuwa mtu wa kuulizwa maana.

Basi siku ya Tufani ikafika. Gari lilipita mitaani tangu juzi yake, spika mbili juu, muziki wa kupasua masikio, na mtangazaji kijana wa Dar aliyekuwa akisema "wananchi wa Lindi hoyee" hata mbele ya msikiti. Ulikuwa mwezi wa pili, joto lile la kwetu mnalijua, hata mbwa hawagombani. Asubuhi Mjomba aliondoka mapema kuliko kawaida. Bibi alimuuliza anakwenda wapi Jumamosi, akasema kuna mzigo anakwenda kuubeba. Aliniangalia akacheka peke yake. Niliona kicheko kile, nikadhani kanikumbuka kwa ile picha ya saba.

Saa nane mchana uwanja wa shule ulikuwa umefurika. Mimi nilikuwa mstari wa mbele na daftari langu la hesabu, picha sita, nikiwa na tumaini kwamba shujaa anaweza kusamehe picha moja. Bibi alikuwa nyuma yangu, mkono begani mwangu. Alisema amekuja kunilinda nisikanyagwe, lakini alikuwa amevaa kanga yake ya sikukuu.

Mlango wa gari ukafunguliwa, Tufani akashuka.

Jamani, sijaona tena kitu kama kile. Kichwa chake kilikuwa cha sponji, kikubwa kama pipa, macho ya wavu mweusi. Kifua cha sponji, glavu nyeupe, joho jekundu lililoburuza vumbi. Watoto wadogo walilia, wakubwa tukapiga vigelegele. Alinyanyua ngumi juu, akageuka kushoto, akageuka kulia, kama alivyofundishwa. Nikamtazama kuanzia juu mpaka chini. Chini hakuwa na buti kama kwenye picha. Alikuwa amevaa makatambuga, na la kushoto lilikuwa limefungwa uzi wa bluu, mafundo matatu.

Siwezi kuwaeleza furaha ile. Katika watoto wote wa Lindi, mimi ndiye niliyekuwa na mjomba Tufani. Baadaye tuliambiwa kwamba mchezaji wao alishikwa na homa njiani, wakamwacha Nangurukuru, wakaulizia ghalani mtu mwenye mwili. Buti hazikumwenea. Lakini saa ile sikujali alifikaje mle ndani. Niligeuka nimwambie Bibi, nikayaona macho yake, nikakumbuka midomo yangu ilivyobanwa. Nikanyamaza. Nilijiona nimekua.

Kampuni ilikuwa imekodi ngoma tatu za kuvutia watu. Wapigaji walikuwa vijana wa kwetu, na walipoanza, walipiga wanayoyajua. Nilimuona Tufani anasimama, kama aliyeitwa na mtu wa nyumbani. Kisha akaachana na zile ngumi za kufundishwa, mabega yakaanza kutikisika, miguu ikachambua ardhi, joho likaruka huku na huku. Watu waliotoka Umakonde wakaelewa mara moja. Wanawake wakarudi nyuma hatua kadhaa, kama inavyotakiwa. Wazee wanaume wakasogea mbele wakicheka, mmoja akatamka, "Hilo lipiko." Mtangazaji wa Dar hakuelewa chochote, aliona tu biashara imechangamka, akaongeza sauti na kuanza kurusha biskuti.

Alicheza muda mrefu mno. Naona hivyo sasa, wakati ule niliona ni mfupi. Kisha akapiga goti. Kisha akalala kifudifudi.

Sasa, mjue kwamba lipiko huwa anaanguka. Ni sehemu ya mchezo. Anakufa, watu wanaomboleza kwa kuigiza, ngoma zinazidishwa, anafufuka na kumkimbiza yule aliyelia sana. Kwa hiyo ngoma zikazidishwa. Watu wakacheka na kujifanya kulia. Tufani akajigeuza chali, na mkono wake wa glavu ukaanza kupapasa shingoni, pale kichwa kiliposhonewa. Ulipapasa, ukaanguka, ukapapasa tena. Watu wakashangilia. Nami nilishangilia mara ya kwanza. Mara ya pili niliteremsha mikono.

Aliyetoka kwenye umati ni nesi wa zahanati, Mama Zuhura. Alikuwa mwenyeji wa Pande, Kilwa, na kwao mambo haya ya vinyago hawana. Alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake jeupe, akaweka kiganja juu ya kifua cha sponji.

"Mvueni huyu mtu, anaungua humu ndani."

Wanaume wakamzuia kwa adabu kabisa. "Mama, hapa havuliwi. Kuna watoto."

"Watoto wana nini? Haya, nani humu ndani? Jina lake nani, nimwite nione kama anasikia."

Wazee wakatazama pembeni. Mama Zuhura akageuka upande wetu, wanawake na watoto, akatutazama uso kwa uso, mmoja mmoja. Akafika kwangu. Naapa kwa Mungu alisimama kwangu kuliko kwa wengine.

"Nani anamjua? Nitajieni jina tu."

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwepo kwenye ulimi, nililisikia kabisa. Mkono wa Bibi ukabana bega langu, nami nikaufunga mdomo. Nilikuwa na miaka kumi, na niliamini kwamba nikisema "Kasiani" atakufa palepale, na nitakuwa nimemuua mimi. Nikatazama chini, kwenye uzi wa bluu.

Basi wakambeba. Wanaume sita, polepole, kwa heshima zote, kichwa kikiwa mahali pake, wakampeleka nyuma ya madarasa kama anavyopelekwa lipiko nyuma ya uzio. Mama Zuhura akifuata anawapigia kelele wakimbie. Zipu ya mgongoni ikakwama. Walipopata kisu na kupasua sponji, Mjomba alikuwa ameacha kutoka jasho, na nesi alisema hiyo ndiyo dalili mbaya.

Hakufa. Watu walitupa pole kisha wakatuambia tushukuru, nasi tukashukuru. Alikaa hospitali wiki kadhaa, akarudi nyumbani mdomo umepinda na ulimi mzito. Gunia hakubeba tena. Alijua kula, alijua kusali, nyimbo za zamani alizijua mstari kwa mstari. Majina yetu ndiyo hakuyakumbuka. Mjomba alimwita Mama "dada", hapo alipatia. Mimi alinitazama, akatafuta, akatafuta, kisha akasema, "Wewe mtoto, njoo." Nilikwenda nikamvua viatu.

Mtangazaji alikuja kabla gari halijaondoka Lindi. Alikuwa na katoni ya biskuti na fulana ya Tufani, akasema kampuni inasikitika. Kijana wa watu alikuwa analia, sitaki kumsingizia. Biskuti Bibi aliwapa kuku. Fulana ilikuwa kubwa, haikunifaa mimi, akavishwa Mjomba alipotoka hospitali. Niliitamani muhula mzima, nikaja kuitazama kwa miaka tisa kifuani mwa mtu aliyekaa barazani akitikisa mabega kwa ngoma asizozisikia wengine. Ilipauka, Tufani akabaki kidevu tu, kisha kidevu nacho kikaondoka. Mjomba alifariki mwaka niliomaliza masomo. Padri alilitaja jina lake mara nyingi kaburini, na kila alipolitaja nilijisikia kuchapwa.

Sikumwambia mtu. Nilimwambia Bibi peke yake, naye alikuwa ameshazeeka, macho hayaoni, siku moja tunachambua choroko. Nilisema, "Bibi, siku ile nilimjua. Niliona kamba ya kiatu."

Alichambua kwa muda. Choroko nzuri huku, mawe kule, kwa kupapasa tu.

"Kamba gani," akasema. "Mimi nilimjua kwa vidole vya miguu. Nilimzaa mimi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Niliuliza kwa hasira, nakiri, sauti iliyonitoka haikuwa ya mjukuu.

"Wanawake wote wanajua aliyemo, Tekla. Siku zote. Kazi yetu ni kutojua." Kisha akasema, "Nilikubana bega usije ukasema wewe. Nilikuwa najiandaa kusema mimi. Najiandaa mpaka leo."

Tukaendelea na choroko.

Sasa nirudi kwa hawa wa leo, maana nilianza kwa kuwasema. Mwaka jana mpwa wangu alimfanyia mwanawe sherehe ya kuzaliwa hapahapa Lindi, ukumbini, maputo kila mahali, keki yenye picha ya mtoto mwenyewe, eti unakula uso wako. Wakakodi shujaa. Akaingia na kichwa cha sponji, kizuri kuliko cha Tufani, na muziki wake. Nilitaka kuondoka. Watoto hawakustuka hata kidogo. Walikuwa na simu mikononi. Mmoja mwenye miaka sita hivi akamzunguka, akainama kutazama viatu, akapaza sauti, "Huyu ni Shabani wa bodaboda! Viatu vyake hivi!" Wote wakaanza kuimba Shabani, Shabani, na kumvuta joho.

Nilinyanyuka niwagombeze. Watoto gani hawa hawaamini chochote, hawaogopi chochote, kila kilichofunikwa lazima wakifunue na kukipiga picha. Sisi tulikuwa na adabu. Nilikuwa na hotuba nzima tayari. Nikafika pale, nikamtazama yule mtoto wa miaka sita anayepiga kelele jina la mtu, hotuba ikaniisha. Mtoto mmoja tu kama huyo angetosha siku ile. Mmoja tu asiye na adabu.

Nikachukua chupa ya maji mezani. Nikamshika yule shujaa mkono, tukakaa pembeni.

"Ni kweli wewe ni Shabani?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Vua hicho kichwa, Shabani."

"Nimeambiwa nisivue mpaka keki ikatwe."

"Vua."

Akavua. Kijana mdogo, jasho linatiririka mpaka kwenye ndevu zake chache. Mpwa wangu akaja mbio na viatu vyake virefu, "Mama mdogo, jamani, umeharibu shoo." Nikamwambia ni kweli, nimeharibu. Akaenda kuwanong'oneza wenzake, najua alichonong'ona, kwamba uzee umeanza. Nilikaa na yule kijana mpaka alipomaliza maji. Nilimuuliza kwao wapi, ana watoto wangapi, bodaboda inalipaje, mambo yasiyonihusu, na kila swali nililitangulizia jina lake. Shabani. Shabani. Aliitika kila mara.